Skrini Moja Ina Ndugu Zake: Namna ya Kuchora na Kutunza Skrini za Programu ya Simu Kwenye Figma

Msimu mmoja wa korosho mjomba wangu, ambaye ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi huko Tandahimba, alinipigia simu saa sita mchana, ghala limejaa watu. "Mpwa wangu," akasema, "hiki kitu chenu kinaniambia nimemaliza, na mimi sijaanza."

Skrini za ile programu ya kuandikia mizigo ya wakulima nilizichora mimi hapa Mtwara mjini. Kijana mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyeijenga. Tulipofuatilia tukakuta amejenga kwa kufuata skrini ya zamani, ile niliyokuwa nimeweka tiki kubwa ya kijani juu ya fomu kama pambo, kabla sijaiondoa. Kijana hakuwa na kosa. Kwenye faili langu skrini ya kuandika uzito ilikuwepo mara tatu, na zote tatu zilikuwa na majina ambayo Figma, programu ninayochorea, huyatoa yenyewe: fremu na namba, fremu na namba. Angejuaje ipi ni ipi? Siku ile wakulima walisubiri juani mpaka mjomba alipotoa daftari lake na kuandika kwa kalamu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyofanya kazi, na ndiyo ninayoieleza hapa. Huku kwetu kusini kilo si jambo la kuchezea. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, kilo anazoandikiwa mkulima kwenye chama cha msingi ndizo zinazokwenda ghala kuu, ndizo zinazoingia mnadani, na ndizo anazolipwa. Anayechora skrini ya uzito anashika pesa za watu, hata kama yeye anaona ni rangi na herufi tu.

Natumia Figma kwa sababu inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida na unaweza kuanza bure. Vitufe nitakavyotaja ni vya Windows. Mwenye Mac aweke Command mahali pa Ctrl, na Option mahali pa Alt. Na tuelewane maneno: nikisema kioo, nasema kile cha simu unachokigusa. Nikisema skrini, nasema mchoro wa kile kinachoonekana kwenye kioo kwa wakati mmoja.

Anza na simu ya mtumiaji

Bonyeza F, kitufe cha fremu, yaani kisanduku kinachobeba skrini moja. Upande wa kulia itatokea orodha ya vipimo vilivyopangwa tayari vya simu, tableti na kompyuta. Wengi huchagua simu ya kwanza wanayoiona, mara nyingi ya bei kubwa. Mimi siigusi ile orodha. Nachora fremu yoyote, kisha kwenye paneli ya kulia naandika upana 360 na kimo 800.

Namba hizo zinatoka kwenye simu ya mjomba. Kioo chake, kama vya simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani huku, kina nukta 720 kwa 1600. Android haipimi kwa nukta hizo moja kwa moja. Inazigawa kulingana na jinsi zilivyosongamana, na kwenye simu ya namna hiyo kila nukta mbili zinahesabiwa moja. 720 gawanya kwa 2 ni 360, na 1600 gawanya kwa 2 ni 800. Ukichora kwa 360 unachora kwa kipimo kile kile ambacho programa, yule anayeijenga programu, atakiandika. Ukichora kwa 720 ukidhani ndiyo ukubwa halisi, herufi ulizoziona nzuri kwenye kompyuta zitakuja kuwa nusu yake mkononi mwa mtu.

Kabla hujaweka kitu ndani, ongeza gridi ya safu. Natumia safu 4, pembeni 16, na nafasi ya 16 kati ya safu na safu. Ukipiga hesabu, 360 toa 32 za pembeni, toa 48 za katikati, inabaki 280, na kila safu inapata 70 kamili. Hakuna desimali, hakuna kitu kinachokaa nusu nukta. Nafasi nyingine zote nazipima kwa nane: 8, 16, 24, 32. Sababu yake kubwa ni kwamba programa akikuta 17 hapa na 15 pale hajui kama umekusudia au mkono uliteleza.

Jina lipewe siku ya kuzaliwa

Fremu ikishakaa, bonyeza mara mbili kwenye jina lake hapo juu na uliandike upya papo hapo. Usisubiri kesho. Mimi naandika namba ya hatua, kitu chenyewe, kisha hali yake:

03-Uzito-Tupu
03-Uzito-Imejazwa
03-Uzito-Kosa

Namba inazifanya zijipange kwa mfuatano wa safari ya mtumiaji. Neno la kati linasema ni skrini gani. Neno la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi, nitalirudia. Kama tayari una faili lenye fremu hamsini zisizo na majina, zichague zote za kundi moja, bonyeza Ctrl na R, na utapata dirisha la kubadili majina kwa pamoja na kuyawekea namba. Ukitafuta skrini baadaye, Ctrl na F, andika "Kosa", na zote za makosa zinakuja.

Majina nayaandika kwa Kiswahili. Programa wangu ni Mtanzania, mjomba ni Mtanzania, na siku nilipomwonyesha mjomba faili lenyewe aliweza kuninyooshea kidole: "Hii ya nne imekosewa, daraja huja kabla ya kilo." Ni kweli, ghalani korosho hukaguliwa ubora kwanza ndipo inapopanda mizani. Angekuta majina ya kizungu asingesema kitu, angenyamaza kwa adabu, nami ningeendelea na kosa langu.

Fremu ndani ya fremu

Wanaoanza hupenda kukusanya vitu kwa Ctrl na G. Hilo ni fungu tu, linashikilia vitu pamoja lakini halina akili ya ukubwa. Ukilivuta, vyote vinavutika kama mpira. Fremu inajua mipaka yake, na vilivyomo ndani unaweza kuviambia vikae wapi mipaka ikibadilika. Chagua vitu vyako, bonyeza Ctrl, Alt na G, vinaingia kwenye fremu.

Kisha ufunge kila kitu mahali pake, yaani ukiambie kishikamane na ukingo upi. Upau wa juu wenye jina la chama ufunge kushoto, kulia na juu. Kitufe cha "Hifadhi" ukifunge kushoto, kulia na chini. Sasa shika ukingo wa skrini nzima uuvute mpaka upana wa 320, halafu uurudishe hadi 412. Kitufe kikibaki chini na upau ukabaki umetanda, umefaulu. Kitu kikikatwa au kikielea katikati, hujakifunga. Hili nalifanya kwa kila skrini, na linachukua sekunde kumi.

Kwa orodha za wakulima kufunga peke yake hakutoshi. Hapo tumia mpangilio otomatiki, Shift na A. Kadi moja ya mkulima ina jina, idadi ya magunia, kilo na daraja. Ukishaipa mpangilio otomatiki, kila kipande kinachagua upana wake: uliofungwa, unaokumbatia kilichomo, au unaojaza nafasi iliyobaki. Kilo nazipa kukumbatia, jina nalipa kujaza. Halafu najaribu kwa jina refu kweli kweli, yale ya majina matatu yanayofika herufi thelathini, kwa sababu kwenye daftari la chama yamo mengi. Jina likishindwa kuenea lishuke mstari wa pili na kadi ikue. Kamwe usilikate kwa nukta tatu. Wako ndugu wawili wanaofanana majina mawili ya mwanzo, na wanatofautishwa na la tatu, lile ambalo nukta tatu zimelimeza.

Orodha ikizidi kimo cha skrini, usirefushe fremu hadi 3000. Iache 800, washa ukataji wa kinachozidi, na kwenye upande wa prototaipu, yaani mchoro unaojaribiwa kama programu halisi (Shift na E), ruhusu isogee juu na chini. Kitufe cha chini kiambie kibaki palepale orodha inaposogea. Ukifanya hivyo utaona kile karani atakachokiona, pamoja na kadi ya mwisho kujificha nyuma ya kitufe. Hiyo ipe nafasi ya ziada chini yake.

Ndugu wa skrini

Hapa ndipo naomba usome taratibu.

Nilipoanza, skrini ya uzito kwangu ilikuwa moja: namba zimejazwa vizuri, jina limekaa, kitufe kinang'aa. Ile ndiyo unayomwonyesha mteja. Lakini mjomba haishi kwenye skrini hiyo. Anafungua simu na kukuta hakuna kitu. Anaandika, anakosea. Anatuma, mtandao haupo. Kila mojawapo ya nyakati hizo inaonekana kwenye kioo chake, na usipoichora wewe, programa ataibuni mwenyewe saa nne usiku akiwa amechoka.

Kwa hiyo nikimaliza skrini iliyojazwa, naichagua na kubonyeza Ctrl na D mara tano. Zinapangana pembeni yake, na ninazitengeneza moja baada ya nyingine.

Tupu: sehemu ya kilo haina kitu, kitufe kimefifia, na chini ya sehemu ya kuandika pana maneno "Andika kilo kama zinavyosomeka kwenye mizani". Sifuri siiweki. Sifuri ni uzito pia, na mtu anaweza kuihifadhi.

Kosa: karani ameweka gunia 1, kilo 800. Gunia la korosho huwa na kilo kama 80, kidole kimegonga sifuri ya ziada. Mara ya kwanza niliandika "Ingizo batili", nikamsomea mjomba kwenye simu. "Batili ni ndoa, mpwa wangu," akanijibu. "Sema kilo zimezidi gunia." Nikaandika hivyo hivyo: "Kilo zimezidi gunia. Angalia tena." Maneno yanakaa chini ya sehemu yenye kosa, si juu ya skrini, na sehemu yenyewe inapata mpaka mwekundu pamoja na alama, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Inatuma: kitufe kimeandikwa "Inatuma…" na hakibonyezeki. Bila skrini hii mtu anabonyeza mara tatu, na mzigo mmoja unaingia mara tatu.

Hakuna mtandao: hii ndiyo niliyoipa muda kuliko zote. Vijiji vingi vya huko mtandao huja na kuondoka. Rangi haipaswi kuwa ya hatari, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Maneno ni haya: "Imehifadhiwa kwenye simu. Itatumwa mtandao ukirudi." Juu kulia kuna namba ndogo inayoonyesha mizigo mingapi inasubiri. Mjomba aliniomba hiyo namba mwenyewe, alitaka jioni kabla hajafunga ghala ajue kama kuna ambayo haijaondoka.

Imetumwa: tiki ya kijani inakaa hapa tu. Kwingine kote haipo.

Ukizitazama zote sita kwa mstari mmoja utajua programu yako imekaa sawa au bado. Kitu kinachoruka mahali kutoka skrini moja hadi nyingine, kwa mfano kitufe kilichoshuka nukta nane kwenye skrini ya kosa kwa sababu maneno mekundu yamekisukuma, utakiona hapo hapo. Mtu anayeandika mizigo mia mbili kwa siku hatazami kitufe, kidole chake kinajua kilipo. Kikihama atagonga kingine.

Kitufe kimoja, mahali pamoja

Ukiwa na skrini thelathini na kitufe kile kile kwenye zote, kigeuze komponenti: kichague, bonyeza Ctrl, Alt na K. Hicho ndicho mama. Kwenye skrini nyingine weka nakala zake. Ukibadili rangi ya mama, watoto wote wanabadilika. Fanya hivyo kwa upau wa juu, kadi ya mkulima, sehemu ya kuandikia na kitufe. Usizidishe. Kitu kinachotokea mara moja tu hakihitaji kuwa komponenti.

Kitufe changu kina kimo cha 48, hicho ndicho kipimo cha chini ambacho mwongozo wa Android unataka kwa kitu cha kuguswa, karibu milimita 9 kwenye kioo. Cha "Hifadhi" nimekipa 56, kwa sababu kidole cha karani kina vumbi la magunia na kioo chake kina ufa kwenye kona.

Na rangi zipimwe kwa jua. Kanuni ya kimataifa ya upatikanaji wa wavuti inataka mwangaza wa maandishi ya kawaida upishane na wa mandhari yake kwa 4.5 kwa 1 au zaidi. Kijivu #757575 juu ya nyeupe kinapita kwa shida tu, na mlangoni mwa ghala saa saba mchana hakisomeki. Natumia #424242 kwa maandishi yote madogo. Kijivu chepesi nakiachia mistari ya kugawa.

Faili lisiwe stoo

Faili langu sasa lina kurasa tatu. Ya kwanza inaitwa Jikoni, hapo ndipo ninapojaribu na kuchafua. Ya pili inaitwa Mezani, na humo haiingii skrini ambayo bado inabishaniwa. Ya tatu inaitwa Kabatini, kwa skrini zilizokataliwa au kupitwa. Sizifuti, kwa kuwa mara mbili nimerudi kuchukua wazo la zamani, lakini hazikai karibu na zilizo hai. Kiungo ninachompa programa kinafungua Mezani, na nimemwambia kwa maneno: usijenge kitu ambacho hukukikuta Mezani.

Kwenye ukurasa wa Mezani kila safari ina eneo lake lililozungushiwa, Shift na S: kusajili mkulima, kupokea mzigo, kufunga siku. Hatua zinakwenda kushoto kwenda kulia. Hali za skrini moja zinashuka chini yake. Nafasi kati ya skrini na skrini ni 80, kati ya safari na safari 200. Ukibonyeza Shift na 1 unaona faili zima, na mtu ambaye hajawahi kuliona anaweza kulisoma kama ramani.

Kuziunganisha ni kazi nyepesi baada ya hapo. Kwenye upande wa prototaipu gusa kitufe, kinatokea kiduara pembeni mwake, kivute hadi skrini inayofuata. Kwa dirisha dogo la "Una uhakika?" chagua lije juu ya skrini badala ya kuhamia skrini nyingine. Unganisha pia njia za kurudi na njia za makosa, zile watu wanazozisahau. Kisha weka programu ya Figma kwenye simu ya Android na uifungulie humo. Mimi naenda nayo hadi kibarazani, juani, nashika kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika daftari kama karani anavyoshika.

Umeme na mtandao

Figma inategemea intaneti, na hilo huku kwetu lina uzito wake. Mei 2024, wiki moja tu baada ya kimbunga Hidaya kuikata barabara ya kusini upande wa Kilwa, nyaya za chini ya bahari nazo zikakatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Nilikuwa na faili wazi. Nilichojifunza ni hiki: mtandao ukikatika katikati ya kazi, usifunge ile tabu wala usiipakie upya. Endelea kuchora, mabadiliko yanakaa kwenye kompyuta na yatapanda mtandao ukirudi. Faili ambalo hukuwa umelifungua ndilo hutalipata, kwa hiyo asubuhi fungua yote unayoyahitaji siku hiyo.

Ukitaka programu huria, ipo Penpot. Humo fremu inaitwa ubao na inatoka kwa kitufe B. Mengi niliyoeleza hapa yanafanya kazi kule kule.

Kabla ya kumpa programa kazi, hifadhi toleo lenye jina kwa Ctrl, Alt na S, na uandike tarehe pamoja na kilichobadilika: "Tiki imeondolewa kwenye fomu ya uzito". Halafu ingia kwenye menyu ya faili, shusha nakala kwenye kompyuta, na uiweke kwenye flashi. Mwisho mpigie programa simu, mfungue ukurasa wa Mezani wote wawili kwa wakati mmoja, mpitie kutoka 01 hadi ya mwisho, na yeye ndiye akusomee majina ya skrini kwa sauti.